Sabuni ni ya Waha!

Jumatatu, 2 Juni 2025
Leo nimechokozwa. Kwenye benchi la kahawa, dukani kwa Khatibu hapa Kibondo mjini, nilisema sabuni ni neno la Kiha, lugha yetu Waha. Ushahidi? Nyumbani tunasema isabuni! Khatibu, ambaye babu yake alitoka Tanga na hachoki kutukumbusha, akadai ni la Kiarabu. Fidele, Mrundi aliyeoa hapa, akasema kwao ni isabune, na Wafaransa wana savon. Nikawajibu kwamba wote walilichukua kwetu. Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Nikaapa: nikishindwa, sikalii tena benchi hili.

Jumanne, 3 Juni
Benchi lile nimelikalia tangu ujana. Ni mahali pekee duniani ninapoitwa Mheshimiwa. Siondoki!
Mpango umepatikana. Jirani yangu Bibi Generosa ndiye mkongwe kuliko wote mtaani. Akisema bibi zake walitamka isabuni kabla mgeni yeyote hajafika, nani atambishia? Nimempelekea mche mzima wa sabuni, ule wa buluu, ili kumbukumbu zifunguke. Ameupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akaniita mwana wanje, yaani mwanangu. Nimeshinda.

Alhamisi, 5 Juni
Bibi kaja na mche kwapani. Benchi zima likasimama kumwamkia. Khatibu akamuuliza kwa adabu zamani walisemaje. Bibi akauinua mche wangu juu, akasema alipokuwa binti kitu hiki hakikuwepo. Walifulia majivu ya maganda ya ndizi. Baadaye akaja mchuuzi kutoka pwani, akaleta kitu pamoja na jina lake. Kisha akanishukuru mbele ya watu kwa zawadi ya juzi! Fidele alicheka mpaka machozi. Khatibu akanionyesha njia ya kwenda nyumbani.
Bibi amehongwa. Sijui na nani, maana niliyemhonga ni mimi!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeshinda nyumbani. Kahawa yangu haina ladha. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa. Nimeumia, lakini hawanijui.

Jumamosi, 7 Juni
Nimerudi na kigoda changu, nikakiweka ubavuni mwa benchi. Niliapia benchi, sikuapia kigoda! Khatibu akakuna kichwa, akanimiminia kikombe, akasema karibu, Mheshimiwa. Nikanywa, akili ikafunguka. Kahawa! Nyumbani tunasema ikawa, na mibuni imejaa milimani Manyovu. Waarabu waliitoa wapi kama si kwetu? Nimewaambia papo hapo. Wamecheka tena. Basi nimeapa: nikishindwa, na kigoda wachukue.