Shikamoo Mbili Karakanani

"Kumi na wawili!" Redio Mbao alilipiga gazeti kofi mpaka kahawa ya Jayant ikamwagika. "Kiwanda kipya cha minofu ya sangara, kule ufukweni, kinataka mafundi kumi na wawili wa kuchomelea. Ajira ya kudumu, ovaroli bure, chakula cha mchana bure!"

"Na sangara mwenyewe?" akauliza Wilhelmina, akipepea jiko.

"Sangara anapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tutabaki na mapanki, vichwa na mifupa, kama kawaida. Lakini mshahara, mama, unabaki Mwanza!"

Mimi ni Soli, fundi viatu. Ninashonea pembeni mwa jiko la kahawa la Wilhelmina hapa Mirongo tangu enzi za foleni ya sukari, na namjua Redio Mbao kuliko anavyojijua. Anasoma kichwa cha habari, halafu habari yenyewe anaitunga.

"Soma mpaka chini," nikamwambia.

Akanuna, akavaa miwani. "Mwombaji awe na cheti cha chuo cha ufundi. Maombi mwisho Januari."

"Basi Malimi Cheche kaula!" Jayant akaruka. Huyu Jayant ana duka la vyuma ng'ambo ya barabara, na sisi tunamwita Nati. Mchana hufunga duka nusu saa aje kubishana. "Si mtihani wao ni Desemba? Huyo mtu ni wa kwanza kwenye hao kumi na wawili. Vyuma vyote vya mageti yake vimetoka kwangu!"

Tukashangilia kana kwamba tumeajiriwa sisi. Malimi Cheche alichomelea miaka kumi na saba kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, bila cheti hata cha ubatizo. Mageuzi yakaja, kiwanda kikauzwa, yeye akapunguzwa. Kila kiwanda cha samaki alikobisha hodi walimwuliza cheti kiko wapi. Basi mzee mzima wa miaka arobaini na sita akameza fundo, akajiandikisha chuo cha ufundi na vijana wanaoota ndevu za kwanza.

Tukiwa tunashangilia hivyo, nani huyo anatokea na baiskeli, kavaa ovaroli ya chuo, uso umemshuka? Malimi mwenyewe. Saa saba kasoro, siku ya Jumatatu, wakati wenzake wako darasani.

"Wamekufukuza?" Redio akauliza, na sauti yake ilikuwa na tamaa ya habari.

"Nimeondoka mwenyewe. Chuo basi. Wilhelmina, nipe kahawa chungu."

"Kahawa zote ni chungu. Sema yaliyokusibu."

Malimi akakaa. Akasema mwalimu wao wa zamani ameugua, na leo asubuhi mkuu wa chuo kawaletea mwalimu mpya aliyehamishwa kutoka Shinyanga. Wanafunzi wote wakasimama kama ilivyo desturi, wakasalimu kwa pamoja: shikamoo mwalimu!

"Nikanyanyua uso," akasema, "nikamwona ni Venant."

"Venant yupi?"

"Venant wa Evelina."

Lo! Wilhelmina akaacha kupepea. Evelina ni binti wa kwanza wa Malimi, na Venant ndiye aliyemwoa. Yaani Malimi Cheche kampa shikamoo mkwe wake, kwa sauti, akiwa mstari wa mbele.

"Yeye akafanyaje?" nikauliza, sindano mkononi.

"Afanyeje, mtoto wa watu? Kuniona tu, magoti yakakunjika, naye akasema shikamoo baba."

"Weee!"

"Shikamoo mbili zikakutana pale katikati. Mimi siwezi kuitikia, yeye ni mwalimu. Yeye hawezi kuitikia, mimi ni baba. Wanafunzi ishirini na wawili wamesimama, hakuna anayekaa, hakuna anayepumua. Mara kijana mmoja wa Kiseke, kule nyuma kabisa, akazipokea zote: marahabaaa!"

Redio alidondoka kwenye kigoda. Jayant akacheka mpaka akashikilia ukuta. Mimi nilijichoma sindano kidoleni na sikusikia maumivu.

"Chekeni," Malimi akasema. "Hamjasikia la pili. Tukaingia karakanani. Kufundisha kuchomelea, mwalimu anakushika mkono, anauongoza. Akaniona mimi nafumba macho."

"Unafumba macho?" Jayant akashtuka.

"Kule kiwanda cha pamba kofia za kuchomelea zilikuwa mbili, mafundi tisa. Nilizoea kufumba, nasikiliza mlio tu. Sasa hata nikivaa kofia, cheche ikiruka macho yanajifumba yenyewe. Basi Venant akaja, akaunyoosha mkono wake kuelekea wangu, ukafika nusu, ukarudi. Ukaja tena, ukarudi. Jamani, kwetu mkwe hata mkono hatupeani! Nikaweka chini vifaa, nikachukua baiskeli. Mkuu wa chuo kanifuata mpaka getini. Kasema saa nane kamili nisipokuwa karakanani jina linafutwa, watu arobaini wanaingojea nafasi yangu."

"Saa nane ya leo?" nikauliza.

"Ya leo."

Hapo kicheko kikakatika. Gazeti lilikuwa bado wazi mapajani mwa Redio, na Malimi akalisoma lile tangazo lote taratibu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye ovaroli bure akaitazama aliyovaa. Roho iliniuma, sisemi uongo.

"Penye wengi hapaharibiki neno," Redio akasema. "Tutafute dawa. Mimi naona Evelina aachike kidogo."

"Aachike nini?"

"Kidogo! Likizo ya ndoa, miezi mitatu, mpaka mtihani upite. Siku hizi mashirika yote yanaachwa na serikali yanachukuliwa na wengine. Ndoa ni nini hata ishindikane?"

"Halafu Januari anabinafsishwa kwa mwingine!" Wilhelmina akamwinulia kipepeo cha jiko. "Mjinga wewe! Mke si kinu cha pamba!"

"Basi Malimi aseme yeye si baba wa Evelina," Jayant akapendekeza. "Ubaba anamwachia Redio kwa muda."

"Simtaki," akasema Malimi.

"Na mimi ningekataa," Redio akajibu. "Ng'ombe za mahari ziliingia kwako, matatizo yaje kwangu?"

"Tatizo si shikamoo peke yake," Malimi akalalamika. "Akinipasisha, mtaa utasema undugu. Akinifelisha, nitamtazamaje Evelina? Na akinifokea mbele ya vile vitoto, je?"

"Ukikosea akufokee," Wilhelmina akasema kwa ukali. "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Au umezoea kuinama kwa matajiri wa samaki tu, wanaokujibu huna cheti, nenda?"

Malimi akainamia kikombe. Saa ya Jayant ilisema saba na dakika ishirini.

Ndipo nikaona kituko. Ng'ambo, karibu na duka la Jayant, mtu kashuka kwenye baiskeli. Akafungua mkoba, akatoa kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima yenye kioo cheusi, akaivaa. Sasa kioo kile kimetengenezwa uone moto tu. Mchana mweupe kama ule huoni hata pua yako. Jamaa akavuka barabara kwa kupapasa, mikono mbele. Muuza ndizi akalivuta sinia lake, mwendesha mkokoteni akafunga breki ya miguu, watoto wakapiga mayowe. Akatufikia, akajikwaa kwenye kigoda cha Redio, akajiweka sawa, akanyoosha kidole.

"Wewe Malimi!" akanguruma.

Kidole kilikuwa kinamwelekea Jayant.

Jayant akasimama wima, mikono imebana mapaja. "Nimekosa, mwalimu!"

"Geuka kulia," Wilhelmina akamshika mabega yule mtu, akamzungusha. "Huyo ni muuza nati. Malimi ndiye huyu."

"Asante mama. Wewe Malimi! Umetoroka karakana. Una mkono mzuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyepata kumfundisha, lakini unafumba macho! Ukifumba macho kiwandani watakurudisha siku ya kwanza, na hayo macho yenyewe yatakwisha. Mimi sitakubali. Nitakushika mkono. Nitakufokea. Mtihani watasahihisha watu wa kutoka nje, wala hawatakujua wewe wala mimi. Na nikiwa nimevaa hii, mimi si mkwe wa mtu yeyote duniani. Umesikia?"

Malimi alikuwa amekwisha kusimama. "Nimesikia, mwalimu."

Venant akainua kofia. Uso ulikuwa umelowa jasho, na macho yake hayakuthubutu kumtazama mzee usoni. Akakunja magoti pale pale vumbini.

"Shikamoo baba. Evelina anakusalimu sana."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Akaishusha kofia. "Dakika ishirini na tano! Unangoja nini? Kimbia!"

"Ndiyo mwalimu!"

Malimi Cheche akairukia baiskeli kama kijana wa miaka kumi na minane, ovaroli ikapepea, kengele ikilia mpaka anakata kona. Sisi nyuma tunapiga makofi, Wilhelmina anapiga vigelegele na kipepeo juu. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wa jiko. Venant akangoja mzee apotee kabisa machoni, ndipo akavua kofia, akatuaga kwa adabu, akamfuata polepole ili asije akampita njiani.

Tukakaa. Redio akalikunja gazeti na kuanza kutunga namna atakavyoisimulia. Ni Jayant tu aliyekuwa bado amesimama wima, mikono imebana mapaja.

"Jamani," akauliza kwa sauti ndogo, "mimi nikae, au na mimi natakiwa chuo?"