Viatu Namba 41 na Sindano ya Ganzi

Jumapili, tarehe 3 mwezi wa nane

Nimevipata! Viatu vya ngozi ya mamba, ncha kali, rangi ya divai. Mchuuzi wangu Blanchard amevileta kutoka Lubumbashi, na ameniapia kwamba Kalemie nzima hakuna vingine. Kasoro ndogo: ni namba 41. Mimi navaa 43. Blanchard anasema ngozi ya mamba hutanuka. Nimemwamini.

Jumamosi binti yangu Evodie anaolewa. Bwana harusi hana neno, lakini baba yake ni Papa Siméon, sapeur, bingwa wa kuvaa maridadi, anayejulikana hadi Kongolo. Siku ya mahari alivaa viatu vyeupe, na wageni wote, shangazi zangu wakiwemo, walitazama miguu yake tu. Mimi, baba wa binti, hakuna aliyenitupia jicho. Safari hii tutaona.

Jumatatu, tarehe 4

Mazoezi kanisani. Kutoka mlangoni hadi altareni ni hatua arobaini na mbili. Nilimaliza tisa. Ya kumi niliruka na kupiga yowe. Kidole gumba cha kushoto kina ukucha ulioingia nyamani tangu mwaka jana, tangu viatu vingine vya Blanchard.

Evodie alinishika nisianguke. Kisha: “Papa, uvae vile vya kazi. Kama utachechemea, mujomba Félicien njo atanishika mukono.”

Félicien! Shemeji yangu, mtu wa kuvaa kandambili hata matangani! Nimesema hapana. Siku ya kwanza ya shule nilimbeba Evodie mgongoni mimi, si Félicien. Nitampeleka mimi, bila kuchechemea, na kwa viatu hivi.

Jumanne, tarehe 5

Wazo! Mke wangu Claudine akiumwa na jino hubana karafuu, na ufizi hufa ganzi. Kwa nini si kidole? Nimeponda karafuu zote za nyumbani, nikachanganya na mawese, nikajipaka vidole vyote kumi, nikavaa soksi, nikaenda kazini stesheni. Matokeo: maumivu yale yale, na harufu ya pilau. Mkuu wangu alizunguka ofisi akiuliza nani amepika. Lakini kwa nini ufizi hukubali na kidole hukataa? Swali hilo limeninyima raha kuliko kidole chenyewe.

Alhamisi, tarehe 7

Kituo cha afya, kwa muuguzi Mama Mireille. Nilianza na la karafuu. Alicheka mpaka akakaa, lakini alijibu. Ufizi una ngozi laini, dawa hupenya. Ngozi ya kidole ni nene, dawa hubaki nje. Ndiyo maana kuna sindano. Akakumbuka kwamba mimi ni karani wa reli: “Papa Eugène, mushipa njo reli, maumivu njo treni. Dawa haiondoe treni. Inafunga njia tu, treni haifike ku kichwa.”

Nimeipenda sana hiyo! Dawa inaitwa lidokaini. Huchomwa huku na huku kwenye shina la kidole, mishipa ya fahamu inakopita. Si nusu kaputi ya kumlaza mtu mzima. Unakatwa macho wazi, huku mnazungumza habari za mpira! Baada ya saa moja, saa moja na nusu, damu inaiondoa dawa na njia inafunguka yenyewe.

Nikaomba vidole vyote kumi. Alikataa. Dawa ikizidi mwilini huweza kuvuruga moyo, na vidole vizima havichomwi kwa ajili ya urembo. Atachoma kile kibovu tu, tena ili akate ukucha. Alitaka iwe kesho. Nikasema Jumamosi, saa tatu asubuhi. Misa ni saa nne. Alinitazama kwa mashaka, lakini aliandika. Kisha akaongeza kwamba kidole kitafungwa bandeji nene, na nitavaa kandambili wiki mbili.

Kandambili! Suala la bandeji nitalitatua mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mto.

Saa tatu. Nimevaa suti, viatu vimo kwenye mfuko wa plastiki. Mama Mireille akachoma. Sindano yenyewe inauma! Hilo hakuniambia. Akasema tungoje dakika kumi dawa ishike, akatoka kufuata mkasi. Nikajifinya kidole. Ajabu! Nasikia naguswa, nasikia nasukumwa, kuuma hakuna. Nikapaka spiriti yake: ubaridi hakuna. Kidole kipo, ila habari hakileti. Ningekichunguza siku nzima. Lakini nikasikia hatua zake zinarudi. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, soksi mkononi.

Saa nne. Mlango wa kanisa. Evodie alitazama viatu, akanitazama mimi, akanipa mkono. Hatua arobaini na mbili! Mguu wa kushoto kimya kabisa. Wa kulia uliuma, maana 41 ni 41, lakini nilitabasamu. Papa Siméon, benchi la mbele, alivikodolea macho viatu vyangu na kumeza mate. Katikati ya njia Evodie alinibana mkono kwa nguvu zake zote. Hapo hapakuwa na ganzi. Nililia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Saa tano kasoro robo. Padri bado anahubiri! Lidokaini ina saa zake na padri ana zake. Kwanza kama sisimizi wanatambaa kidoleni. Kisha mapigo. Kisha njia ikafunguka, na treni zote zilizokuwa zinangoja zikaingia pamoja. Nikauma meno mpaka wakati wa kupeana amani. Papa Siméon akaja kunikumbatia, akanikanyaga. Kidole hicho hicho! Nilipiga yowe la juu kiasi kwamba kwaya ilidhani ni ishara, ikaanza kuimba.

Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya benchi. Soksi ilikuwa nyekundu. Ukucha ulikuwa unanikata muda wote huo, nami sikupata habari. Kugeuka, Mama Mireille yuko nyuma yangu, mkasi ndani ya mkoba. Félicien akavua kandambili zake bila neno, akanivisha, akatoka pekupeku. Kwenye picha zote za baada ya misa nimevaa suti na kandambili.

Kituoni nilichomwa tena, nikakatwa, nikafungwa bandeji nene. Kufika kwenye karamu, nikakuta watu wamefanya duara wanapiga makofi. Katikati anacheza Papa Siméon, na miguuni ana viatu vyangu. Anavaa 41.

Jumapili, tarehe 10

Mama Mireille amekuja kubadili bandeji. Amenisema vya kutosha: maumivu ni taarifa, siku nyingine niyasikilize. Nimekubali kabisa. Evodie ametuma picha ya mimi na yeye tukielekea altareni, wote tunalia. Anasema hiyo ndiyo ataitundika ukutani. Nimeitazama mara nyingi. Nimekuwa mtu mpya.

Nikamuuliza Mama Mireille, kwa udadisi tu, kama wanawake wanaopasuliwa kujifungua nao huwa macho. Akasema ndiyo, wengi wao. Sindano moja mgongoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini hawasikii maumivu.

Kuanzia kiunoni kwenda chini!

Blanchard amepita jioni. Ana suruali moja ya rangi ya divai, inafaa kabisa kwa ubatizo wa mjukuu wangu, ambaye hata mimba yake bado haijatungwa. Kasoro ndogo: kiuno kinabana. Nimeichukua.