Dai Namba 417

Ping alipoliona lile bango limelala juu ya pikapu mpya, hakusema "masikini" kama sisi wengine. Alivua miwani yake ya jua, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena, kisha akatabasamu. Sisi wakazi wa uchochoro ule wa mjini Khorat tunamjua. Ping akitabasamu mbele ya msiba, ujue kuna mtu ataingizwa mjini kabla jua halijazama.

Pikapu ilikuwa na siku kumi na moja tangu itoke dukani. Plastiki za viti zilikuwa hazijabanduliwa, kibao chake cha namba kilikuwa bado kile chekundu cha muda, na nukta za poda za baraka alizochora mtawa ndani ya paa, juu ya kichwa cha dereva, zilikuwa mbichi kabisa. Sasa paa lenyewe lilikuwa limekwenda kukaa kwenye kiti cha dereva.

Kilicholikalisha pale kilikuwa bango la matangazo lililosimama miaka mingi juu ya mgahawa wa Shangazi Lamduan. Upepo wa saa nane mchana ulipokuja, nati zilizoliwa na kutu zikasalimu amri. Bango lilikuwa la kampuni ya bima iitwayo Kivuli Chema, ambayo ndiyo hasa iliyoikatia pikapu hiyo bima kubwa. Lilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka chini ya mwavuli, na maandishi marefu kama mtu: "Tuko nawe popote unapoegesha." Kampuni chache hutimiza ahadi kwa kiwango hicho.

Shangazi Lamduan, mjane wa miaka sitini na mitatu, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki, mwiko wa tambi mkononi, machozi yakimtiririka. Alikuwa ameuza shamba la mihogo aliloachiwa na marehemu mumewe, mzee Bunma, ili anunue pikapu hiyo taslimu, aweze kubeba karai zake za tambi za kukaanga kwenda kuuza kwenye sherehe za mahekalu. Shamba lote la mzee Bunma lilikuwa pale, chini ya mwanamke mwenye mwavuli.

Mkaguzi wa bima, bwana mmoja mnene aitwaye Ekkaphop, alifika kwa pikipiki baada ya dakika ishirini. Alipiga picha sitini. Akazunguka gari mara mbili, akataka kuinama atazame chini, tumbo likamkatalia, akaahirisha.

"Itatengenezeka, shangazi," akasema. "Miezi sita tu. Paa jipya, milango, boneti, vioo. Chesisi tutainyoosha."

"Chesisi inanyooshwa?"

"Inanyooshwa."

"Kama tambi?"

"Tambi ina ubishi zaidi."

Kisha akatoa kalamu nene nyeupe na kuandika kwenye kile kilichobaki cha kioo cha mbele: 417. "Hiyo ndiyo namba ya dai lako. Usiifute." Akapanda pikipiki, akaenda zake.

Hapo ndipo Ping alipochuchumaa, akajifanya anaokota ufunguo, akachungulia chini ya pikapu. Chesisi ilikuwa imevunjika vipande viwili. Si kupinda, kuvunjika. Na Ping, ambaye kazi yake ya miaka kumi ilikuwa kuwasemea watu kwenye kampuni za bima, huku akijisemea mwenyewe kwanza, alijua sheria ya mchezo: gari likiharibika kupita asilimia sabini, kampuni haitengenezi, inalipa bei nzima. Mkaguzi hajaona. Mwenye mali hajui. Katikati ya hao wawili kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja mwembamba kupita, na Ping alikuwa mwembamba.

Akavuta kigoda, akakaa karibu na shangazi, akamfungulia chupa ya maji.

"Pole sana, shangazi yangu. Hebu niambie, gari hili ulilichukua dukani siku gani?"

"Jumatano."

Ping akashika kifua. "Jumatano?"

"Mtawa alinipa Alhamisi. Lakini Alhamisi nilikuwa na oda ya arusi, sahani mia tatu. Nikasema siku moja itanidhuru nini?"

"Shangazi!" Ping akainuka, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyekanyaga moto. "Umepewa siku na mtawa, ukaiacha kwa ajili ya tambi?"

Mama wa watu akalia upya. Kusema kweli hapo hata mimi nilisisimka, maana hakuna mtu wa Khorat atakayekwambia siku ya kuchukua gari ni mchezo.

"Kampuni italinyoosha," Ping akaendelea kwa sauti ya msibani, "lakini kisirani hakinyooshwi. Leo limeangukiwa likiwa limesimama. Likiwa linatembea je, na wewe umo ndani?"

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Mimi sitaki kuliona hili gari. Lakini nimekula tambi zako tangu nina nywele nyingi. Nitalichukua mimi, kisirani na yote. Laki moja na nusu, taslimu. Dai la bima liandikwe jina langu, nihangaike nalo mwenyewe."

Laki moja na nusu ya baht kwa gari la laki saba! Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na huyu alikuwa anamtoa mjane shambani. Ili azipate, Ping aliuza mkufu wake wa dhahabu na kigari chake cha kutembelea. Msema-bima asiye na mkufu haaminiwi na mtu, hilo alilijua, lakini aliona ni suala la wiki tatu tu. Kila alichokuwa nacho duniani sasa kilikuwa kimelala chini ya bango pamoja na shamba la mihogo.

Mkataba aliuandika mwenyewe. Ili asilipie gari la kuvuta wala pa kuliweka, na ili mkaguzi alikute lilivyo, aliweka kifungu: pikapu itabaki uwanjani kwa shangazi bila malipo na haitaguswa mpaka kampuni itoe uamuzi. Shangazi akavaa miwani, akasoma mara tatu.

"Lisiguswe na nani?"

"Na mafundi wa gereji, shangazi. Hao wakigusa tu, wanaiba spea."

"Basi andika hivyo, tusije tukagombana."

Ping akaandika: lisiguswe na fundi yeyote. Wakatia saini. Mafundi wakaja kuondoa bango, wakaapishwa wasiguse kitu kingine, wakaondoka.

Sasa sijui nani alianza. Wengine wanasema ni Wiang kinyozi. Mimi nilimwona Shangazi Lamduan mwenyewe, asubuhi na mapema, akipaka poda kwenye boneti na kusugua taratibu kwa kiganja, huku amefumba macho, kama tunavyofanya sisi tukitaka namba za bahati nasibu zijitokeze. Wiang akamuuliza anatafuta nini.

"Mimi? Nashukuru tu," shangazi akajibu. "Gari limepokea bango lote peke yake, lisimdondokee mtu hata mmoja. Gari la namna hiyo lina mwenyewe ndani, asiyeonekana."

"Na namba hiyo hapo kiooni?"

"Mimi sijui namba, mwanangu. Iliandikwa tu."

Ilikuwa tarehe kumi na nne. Bahati nasibu huchezwa tarehe mosi na tarehe kumi na sita. Kufika jioni, uchochoro mzima ulikuwa umeweka pesa kwenye 417, na mimi nikiwemo na mia yangu.

Tarehe kumi na sita ikatoka 714.

Watu wakaanza kuchana tiketi zao. Kisha Wiang kinyozi akatoka mbio, akapita dirishani, akajibana kwenye kiti cha abiria, akatazama kioo kwa ndani na kupiga kelele: "Wajinga sisi! Mmesoma mkiwa nje! Dereva husoma akiwa ndani!" Na kweli, ukiwa ndani, saba ilitangulia na nne ikaja mwisho. Saba yenyewe iligeuka mgongo, lakini muujiza haukaguliwi kama mwandiko. Wachache walioweka namba zikae vyovyote vile walikuwa wameshinda.

Wiki iliyofuata watu walikuja kutoka Buriram, wakaja kutoka Chaiyaphum. Pikapu ikavishwa vitambaa vya rangi saba. Ikabandikwa karatasi za dhahabu mpaka boneti ikang'aa. Ikaletewa sanamu za pundamilia wanazopewa mizimu kwetu, kubwa na ndogo, zikajaa hadi uvunguni, na chupa za soda nyekundu zenye mrija, mistari kwa mistari. Kikundi cha wacheza ngoma kilicheza mbele yake saa nzima. Shangazi Lamduan alipanga meza tatu: ya poda, ya maua na ubani, na ya tambi kwa waliosafiri mbali.

Ping alipofika akaona hayo, alipenya katikati ya watu.

"Shangazi! Si tulikubaliana lisiguswe?"

"Na fundi. Kuna fundi hapa?" Akaugeukia umati. "Jamani, kuna fundi?"

Umati ukajibu kwamba hapana.

"Basi kama ni hivyo, gari ni langu," Ping akasema. "Na mapato ni yangu."

"Gari ni lako, nani anabisha? Poda ni yangu. Uwanja ni wangu. Tambi umeanza kula ukiwa na nywele, unajua ni za nani."

Ping akatafakari, akaona asigombane na wauza maua. Hela kubwa ilikuwa kwenye kampuni. Akapiga simu Kivuli Chema, akadai gari likaguliwe upya, chini na juu.

Ekkaphop akaja Jumanne. Alikuwa amefunga kwenye pikipiki trei za mayai ya kuchemsha, mayai mia moja. Hakumsalimia Ping. Alivua viatu, akapiga magoti mbele ya boneti, akayapanga mayai moja moja, akainamisha kichwa mara tatu.

"Kaka, unafanya nini?" Ping akanong'ona.

"Natimiza nadhiri. Niliweka namba nikasema zikae vyovyote." Akainuka, akavaa viatu, akavaa kofia ya kampuni. "Haya. Sasa niko kazini. Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndimi. Tazama chini, kaka. Chesisi."

Ilibidi pundamilia ishirini na sita waondolewe kwanza, kwa heshima, kila mmoja akiombwa radhi. Ekkaphop akalala chali kwenye mkeka, akasukumwa na watu wawili, akaingia nusu. Sauti yake ikatoka uvunguni.

"Imevunjika vipande viwili."

"Si umeona! Inapita sabini! Ni ya kulipwa nzima!"

"Nimeona. Swali ni je, ilivunjika bango lilipoanguka, au wale watu kumi na wanane waliposimama nyuma kupiga picha?"

Ping akageuka. Nyuma ya pikapu kulikuwa na watu kumi na wanane wanapiga picha.

"Siku ile ilikuwa imevunjika tayari! Niliiona kwa macho yangu!"

Ekkaphop akavutwa nje miguu mbele, akajipangusa, akafungua kalamu. "Uliiona siku ile? Kabla hujanunua? Na hukuiambia kampuni, wala mwenyewe?" Akaandika. "Hilo nalo nitaliweka."

"Kaka, usiandike hilo."

"Halafu mkataba wa bima unasema gari la matumizi binafsi. Hapa nahesabu watu kama mia mbili, na meza ya tambi." Akaandika tena. "Tena tunalipa gari likiwa halitumiki. Hili linatumika kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mimi mwenyewe nimelitumia sasa hivi."

Barua ilikuja baada ya siku nne. Dai limekataliwa kwa sababu mbili: mnunuzi alificha hali ya gari, na gari limebadilishwa matumizi likawa mahali pa ibada bila kuitaarifu kampuni. Kampuni ilimtakia heri.

Ping akaenda nayo mpaka kwa shangazi. Hakuwa na mkufu, hakuwa na kigari, alikuja kwa miguu, shati limelowa. Uwanjani, kando ya ile ya zamani, ilisimama pikapu nyingine nyeupe, plastiki zipo vitini.

"Nimeichukua Alhamisi," shangazi akasema kabla hajaulizwa. "Arusi nilizikataa zote."

"Shangazi, nirudishie nusu tu. Chukua gari lako. Mimi nimekwisha, sina hata nauli. Nakuomba."

Alisema kwa uchungu wa kweli, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyemwamini.

"Nilichukue tena lile la Jumatano?" Shangazi akatikisa kichwa polepole, huku akigeuza tambi. "Hapana, mwanangu. Ulinieleza vizuri sana siku ile. Naliogopa."

"Kwani wewe huamini? Wewe mwenyewe unacheza namba hizi?"

"Mimi? Sichezi bahati nasibu. Nauza poda."

Akampa sahani ya tambi, bure, kwa ajili ya zamani. Ping alikula akiwatazama watu wakisugua boneti ya gari lake. Ilikuwa tarehe thelathini. Kesho yake namba zingechezwa. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba ameona tano, mwingine akasema si tano ni tisa, na Ping akajikuta amesimama, shingo ameirefusha, anajaribu kuona.

Akaweka sahani chini. Akajipekua mfuko wa nyuma, akapata noti ya ishirini iliyokunjwa mara nne, akamwekea shangazi mezani.

"Nipe kopo moja la poda. Dogo."

"Chukua. Ila foleni inaanzia kule kwa kinyozi, na usisukume watu."

Ping akaenda akapanga foleni. Mbele yake walikuwepo watu thelathini na watatu, na yule wa mwisho aligeuka akamuuliza kama ni mgeni hapa.