Mstari wa Buluu Ulioshuka Bila Adabu

Mishima, Mkoa wa Shizuoka
16 Desemba 2007

Kwa Mheshimiwa Mhariri,
Jarida la Picha Angavu,
Tokyo

Figili zimeshaanikwa barazani, baridi inauma vidole, nami natumaini wewe na wenzako hapo ofisini mna afya njema na jiko la mafuta lisilotoa moshi. Baada ya salamu hizo, ambazo nimezitoa kwa moyo mweupe, naomba nikuarifu kwamba ukurasa wa arobaini na moja wa jarida lako la mwezi huu ni upuuzi mtupu.

Jina langu ni Kuramochi Eisaku. Nina miaka hamsini na tisa, na thelathini na mitatu kati ya hiyo nimeitumia kuchapa diski: kwanza za muziki, kisha za filamu, na sasa hizi mpya zenye picha safi kupindukia, HD DVD, zinazouzwa katika kasha jekundu. Ng'ambo ya pili wako wenzetu wa Blu-ray, wenye kasha la buluu. Diski ya huku haisomeki kwenye mashine ya kule, wala ya kule haisomeki huku. Mnunuzi lazima achague upande, na kila mtu anajua kwamba mmoja wetu atazikwa. Silaha yetu ilikuwa moja tu: diski yetu ni rahisi kutengeneza. Mashine ni zilezile za zamani, unabadilisha mawili matatu, kazi inaendelea. Wao walinunua mitambo mipya kwa mabilioni ya yeni, na bado katika kila diski mia walikuwa wakitupa thelathini. Nilikuwa nikilala usingizi mzuri sana nikizifikiria hizo thelathini.

Sasa wewe umechora chati. Mstari mwekundu umejilalia chini. Mstari wa buluu unateremka kutoka juu kama mtoto anayeteleza kilimani, mpaka unakaribia kuugusa wetu. Chini yake umeandika: "Gharama za utengenezaji zakaribia kulingana." Malalamiko yangu ni haya.

1. Mstari huo umeshuka bila adabu. Sisi tulipunguza gharama yeni kwa yeni, mwaka hadi mwaka. Tulizima taa za vyooni. Fundi aliyetaka penseli mpya alionyesha kwanza kipande cha ile ya zamani. Hawa wameanza Agosti, Desemba wamefika! Gharama ya mtu mwenye malezi hushuka polepole, ikiinama kila hatua. Inayoshuka kwa kasi hiyo haijapungua, imeanguka, na kilichoanguka huokotwa kimyakimya, hakichorwi jaridani kwa rangi.

2. Umeivunja nyumba yangu. Hapa itabidi univumilie. Binti yangu wa pekee, Chizuru, ameolewa na Iwakiri Tomonori, fundi wa kiwanda kimoja cha buluu huko Yamanashi. Sikupinga. Mke wangu Sumie alikuwa hai wakati ule, na katika nyumba yetu kupinga ilikuwa kazi yake. Agosti iliyopita, siku za kuwakaribisha marehemu, walikuja wote, pamoja na mjukuu wangu Kotone, wa mwaka mmoja na nusu. Zawadi yao iliwekwa kwanza kwenye madhabahu ya nyumbani, mbele ya picha ya Sumie, kama ipasavyo. Nikadhani ni biskuti. Kumbe ni diski ya buluu! Mke wa mchapaji wa kasha jekundu, hana hata miaka miwili kaburini, anasukumiwa kasha la buluu usoni!

Nikamwuliza mkwe wangu, "Kijana, hata marehemu unawatangazia biashara?" Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Baba, ni picha za Kotone akianza kutembea. Nilitaka Mama awe wa kwanza kuziona." Ona hila hiyo, Mhariri. Mtu anakujibu hivyo, wewe utasema nini? Mimi nilisema mengi, kwa sauti kubwa, na wakaondoka siku moja kabla ya wakati.

Septemba Chizuru alinipigia simu. "Baba, mwombe radhi mume wangu. La sivyo, Mwaka Mpya utakula mikate ya mochi inayonata peke yako. Na ikikukaba kooni, usinipigie mimi." Nikamjibu kwamba nitaomba radhi siku diski za buluu zitakapotengenezwa kwa bei ya zetu. Nilisema hivyo nikiwa na hakika kwamba siku hiyo ingenikuta majivu. Juzi nimepokea bahasha kutoka Yamanashi. Ndani mna ukurasa wako wa arobaini na moja, umekatwa kwa mkasi, bila hata neno la salamu.

3. Kuna msaliti. Mwandishi wako anaeleza, kwa furaha isiyofichika, kwamba kiwanda kimoja huko Yamanashi kimevumbua njia mpya ya kukausha ule utando mwembamba wa juu. Zamani waliumwaga, wakaizungusha diski usambae, wakaisimamisha, ndipo wakawasha taa ya kukaushia. Utando ukarundikana ukingoni, diski ikatupwa. Sasa wanawasha taa diski ingali inazunguka. Basi! Jambo dogo hivyo, ambalo mtu aliyechapa diski miaka thelathini na mitatu angeligundua kwa kutupa jicho. Lakini wale hawana jicho hilo. Wale wana digrii. Kwa hiyo kuna aliyewafunulia, na huyo ametoka kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nataka mumtafute. Mumpige picha ya uso, muiweke kwenye jalada la mbele, na chini yake muandike MSALITI kwa herufi zinazosomeka na mtu asiye na miwani.

4. Kutokana na hayo, nakuomba kwa unyenyekevu uupandishe mstari wa buluu. Sidai makuu, sentimita mbili zinatosha. Ukiona aibu, chapisha upya ukurasa huo kichwa chini miguu juu. Mstari utapanda wenyewe na hutakuwa umesema uongo. Na kama jarida lako lina ushawishi ninaoambiwa linao, visihi viwanda vyote vya buluu virudie kutupa zile thelathini, angalau hadi tarehe tano Januari, wageni wa Mwaka Mpya watakapokuwa wamerudi makwao.

Huenda unajiuliza kwa nini nisimwombe tu radhi huyo kijana. Mhariri, mimi ni mtu wa kasha jekundu. Hata soksi zangu ni za zawadi ya kampuni. Lakini mtoto yule hana kosa lolote, hakuchagua kuzaliwa kambi ya buluu. Nasikia sasa anasema "babu". Wengine ndio wanaosikia, mimi nasimuliwa. Ninamkumbuka sana, na nalisema wazi ili usidhani kwamba nina hasira tu.

Wasalimie wote hapo jaridani: wapiga picha, wasahihishaji, mama wa chai. Hata aliyechora chati msalimie, ila mwambie kwamba rula yake imepinda. Nafunga kwa heshima yote ambayo ukurasa wa arobaini na moja umenibakizia.

Wako,
Kuramochi Eisaku
Msimamizi, Mtambo wa Nne

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, simu ikalia. Ni Tomonori. Kiwandani kwao wanataka kuandika jina la mvumbuzi wa ile njia mpya, naye anakataa liwe lake. "Baba, mbona huku tunaiita Njia ya Baba Mkwe? Ile karatasi yako ninayo mpaka leo."

Ndipo nikakumbuka. Ile Agosti, katikati ya kugomba, niliitoa diski ndani ya kasha ili niidharau vizuri. Nikaielekeza kwenye mwanga, nikaona ukingo umevimba. Nilishindwa kujizuia. Kazi mbovu ni kazi mbovu, iwe ya rafiki au ya adui. Nikachukua karatasi ya duka la samaki aina ya mikunga, nikamchorea taa iwashwe lini, nikamtupia nikisema, "Hata mtoto angejua!" Mdomo umeniponza.

Basi lile neno la jaladani liache. Mstari nao usiuguse, umechorwa vizuri sana. Nimeomba radhi dakika nne nzima, nikiinamia simu kama vile inaniona. Wanakuja tarehe thelathini. Nitumie nakala tatu za jarida, moja nimwekee Kotone, siku moja ajue ule mstari unaoshuka ni wa babu yake. Na tafadhali uninong'oneze, si kwa maandishi, ni duka gani hapo Tokyo linauza mashine ya buluu kwa bei nafuu. Sumie anaisubiri diski yake tangu Agosti.