Chungu cha Mama Petra

Wenzangu, nimetoka Mansfield sasa hivi na sina uso wa kurudi.

Mdogo wangu Salim anaoa. Mchumba wake, Petra, ni Mswisi, na wazazi wake wamekuja kutoka Uswisi kuwaona ndugu wa mume. Ndugu wenyewe ni mimi, maana huku ughaibuni tuko wawili tu, wengine wote wako Tanga. Ukoo mzima leo ulikuwa mabegani mwangu, mimi mfunga maboksi wa Mesquite, darasa la saba.

Jana nikajisomea kwenye simu. Uswisi: nchi ndogo, milima kila upande, bahari hakuna. Lugha nne (ya nne sikuweza kuitamka, wenyewe wanisamehe). Ng'ombe wanavaa kengele. Watu wanajali saa. Basi nikafika mapema, nikakaa garini na kiyoyozi mpaka muda ukafika. Salim alipofungua mlango akatazama saa yake, kisha akanitazama usoni.

"Dada, unaumwa?"

Mezani kulikuwa na chungu juu ya jiko dogo la moto, ndani yake jibini imeyeyuka. Unachoma kipande cha mkate kwa uma mrefu, unachovya, wote chungu kimoja. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni watu wa sinia kama sisi. Nikawa nachovya upande wangu tu, nilivyolelewa.

"Koroga mpaka chini," Baba Petra akanielekeza kwa upole. "Usiogope."

Kwa kawaida wanatia divai. Leo Mama Petra alitia maji ya tofaa kwa ajili yetu Waislamu. (Haki yao niwape. Sijui kama mimi ningekumbuka.)

Jibini ikaisha. Wote wakanyamaza, wanaangalia chungu, na moto bado unawaka. Nikanusa kitu kinaanza kuungua. Nikajua wamesahau kuzima na wanaona haya kusema. Na kwetu mwanamke aliyekuja kwa wakwe hakai kitako vyombo vikiwa mezani. Nikazima moto, nikabeba chungu kwa taulo.

"Kaa, tafadhali, kaa," akasema Mama Petra.

Sasa niambieni, mwenyeji gani hasemi kaa? Mama yangu naye husema kaa, halafu anakutazama kama utakaa kweli. Nikazidisha mwendo.

Jikoni nikakuta ndani ya chungu, kule chini, pameganda kitu cha kahawia, duara kama chapati. Maji ya moto. Sabuni, nikaongeza nyingine. Sponji, upande ule mgumu. Nikasugua kwa niaba ya Tanga yote. Nilipogeuka, wote wanne wamesimama mlangoni. Baba Petra ameshika kisu na visahani vitano.

"Dada," Salim akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayetoa habari ya msiba. "Umeosha ukoko."

"Ukoko gani?"

"Ukoko wao wa jibini. Hapo ndipo utamu ulipo. Wanauacha ugande makusudi, halafu wanagawana."

Ningekuwa sijui ukoko ni nini, ningejitetea. Lakini sisi tumepigania ukoko wa wali mpaka tukachaniana nguo. Nikawaambia hivyo kwa Kiingereza changu cha kazini, nikakunja na mkono wa blauzi kuwaonyesha alama.

"Haya ni meno ya Salim. Kwa ajili ya ukoko."

Salim akafumba macho. Mama Petra akaukamata mkono wangu, akaipapasa ile alama, akamgeukia binti yake.

"Mimi nilimng'ata dada yangu begani," akasema. "Huyu kijana anatufaa."

Petra akacheka mpaka akakaa chini. Baba Petra hakucheka (na simlaumu, alikuwa bado ameshika kisu).

Harusi ipo. Baba Petra ameomba kitu kimoja tu: siku hiyo nipewe kazi ya kupokea wageni, mlango wa mbele, mbali na jikoni. Mkicheka chekeni kimyakimya, Salim yumo kwenye grupu hili na bado hajasema neno.