Mashine Isiyo na Mdomo

Jumamosi, 7 Januari
Mwaka wangu ndio huu! Kampuni imetangaza: mashine mpya ya gemu itatoka mwezi wa sita. Nimesoma habari yote kwenye simu nikiwa bafuni, maji yakapoa. Na imekuja wakati wake, maana jana Shangazi kaniita akanipa neno. Chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho ndicho ukumbi wangu wa gemu, ndicho kazi yangu, ndicho kila kitu changu, eti amenivumilia vya kutosha. Wateja wasiporudi hadi mwisho wa mwaka, anampangisha muuza unga. Muuza unga! Magunia kwenye kuta nilizopaka rangi kwa mikono yangu! Haiwezekani. Nimeapa.

Jumatatu, 6 Machi
Nimepiga hesabu. Mashine mpya zikitoka, za zamani zitakuwa bei ya kutupa. Kwa hiyo nimeuza yangu leo, mapema, kupitia kwa fundi simu. Mnunuzi simjui na sitaki kumjua. Diski nimebaki nazo, rafu nzima, zinangoja mashine mpya. Mlangoni nimebandika karatasi: TUNAKARABATI. Shangazi kauliza nakarabati nini. Nimemwambia ni mambo ya kitaalamu. Kaguna.

Alhamisi, 9 Machi
Kelele ng'ambo ya barabara. Kwa Kinyozi! Huyu jamaa tangu afungue saluni yake hanipi raha. Nimekwenda kama mtu anayetaka kupunguza ndevu. Sina ndevu. Nikaiona juu ya kabati la mataulo: mashine yangu, na lile kovu la kuunguzwa na pasi ubavuni! Anayenyolewa anacheza mechi moja bure. Nikajipa moyo. Atachezesha nini, diski si ninazo mimi? Nikatazama skrini. Mpira. Diski yangu ya mpira, ile iliyokuwa ikinilisha, niliisahau ndani! Nimeuza ng'ombe na ndama tumboni. Kinyozi kanikaribisha kwa adabu zote, kauliza nimekuja kunyoa au kucheza. Nimerudi nyumbani na upara. Mechi nayo nimefungwa, tena vibaya.

Jumatano, 14 Juni
Kampuni imeahirisha. Hadi mwezi wa kumi na moja! Na kwa kuwa mpya hazipo, za zamani zimepanda bei. Zimepanda! Kama nisingeuza, leo ningeuza vizuri sana. Shangazi kaja na muuza unga, wakapima chumba. Yule bwana kagonga ukuta, kasema ni mkavu, unafaa. Walipotoka nikakaa sakafuni. Imeniuma, sifichi. Hapa ndipo mahali pekee duniani ambapo watu hufurahi kuniona. Halafu nikasimama. Mimi si wa kukata tamaa.

Alhamisi, 7 Septemba
Bei zimetoka! Ziko aina mbili: ya ghali, na nyingine sawa kabisa ila nyembamba na nafuu. Wajinga watanunua ya ghali. Nimempigia binamu yangu aliye ughaibuni aniagizie nyembamba. Kauliza, tena kwa kurudia, kama nimesoma maelezo. Nimemjibu nilikuwa kwenye biashara hii yeye akiwa bado ananyonya. Kasema sawa, kaka.

Jumamosi, 11 Novemba
Sijui nianzie wapi. Mtaa mzima ulifika. Hata Kinyozi nilimwalika, ili aone. Nikatoa hotuba. Nikafungua boksi. Makofi, vigelegele! Nikachukua diski, nikatafuta pa kuitumbukiza. Mbele hakuna. Nyuma hakuna. Nikaigeuza juu chini. Kinyozi, kwa sauti ya upole kabisa, kauliza hii inakulia wapi. Nikampigia binamu mbele za watu. Kasema ndiyo maana ni nyembamba, kaka: haina pa kuingizia diski, gemu zake zinanunuliwa na kupakuliwa mtandaoni. Nikaunganisha simu yangu. Bando likaisha gemu haijafika hata robo. Watu wakaniaga mmoja mmoja, kwa upole, kama wanatoka msibani.

Ijumaa, 24 Novemba
Shangazi katuweka kitako, mimi na Kinyozi. Kasema mmoja ana mashine na kadiski kamoja kalikochakaa, mwingine ana rafu ya diski hana mashine, na akili hana hata mmoja. Mashine ihamie huku, mapato nusu kwa nusu, na chumba hampi mtu maadamu kinajaa. Kinyozi kakubali hapo hapo. Mimi nikasema nitafikiria. Shangazi kanitazama. Nimekubali.

Ile nyembamba sasa inazuia mlango usijifunge.

Jumapili, 31 Desemba
Kumejaa mwezi mzima! Watoto wanapiga kelele hadi Shangazi anafunga dirisha, na anacheka. Nina furaha, naandika bila aibu. Kinyozi kaenda ukweni, kaniachia funguo zote, kaniita mwenzake.

Leo nimeamka alfajiri, nikatafakari. Kosa langu sasa naliona wazi: niliuza kitu ambacho sicho! Nilipaswa kubaki na mashine, niuze diski. Na habari za leo zinasema mwakani kila kitu kitakuwa mtandaoni, diski hazitakuwa na thamani. Basi sikuchelewa. Nimeziuza zote asubuhi, hata ile ya mpira iliyokuwa ndani ya mashine, rafu nyeupe! Fedha nimeziweka kwenye oda ya miwani ya gemu inayotoka mwezi wa tatu. Unaivaa, unaingia ndani ya mchezo wenyewe. Maelezo yake ni marefu, nitayasoma ikifika.

Jioni Shangazi kaja, kauliza mbona rafu tupu. Kabla sijamweleza, watoto wakagonga mlango wakitaka kucheza. Nimewaambia warudi mwezi wa tatu. Shangazi kachukua mtandio wake, kaenda kumtafuta muuza unga.

Nadhani unga umemwishia.