Yahusu Kufananishwa Kwangu na Jiwe

Mheshimiwa Mwalimu wa Darasa la Sita,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na mke wangu (yeye alikuwa akicheka, lakini mimi nilishauriana), nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba tangu Jumatatu iliyopita mimi, mzazi, mlipa ada na fundi seremala mwenye karakana yake mwenyewe, ni jiwe. Habari hizi zimebandikwa kwenye ukuta wa shule, kando ya lango, pale wazazi tunaposimama kuwangoja watoto. Zimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Mwandiko ni wa binti yangu, yule ambaye nyumbani tunamwita Karani kwa sababu hakuna jambo linalompita bila kuliandika.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira inamtaka mtu ainuke, na wewe umeshasoma ukutani kwamba mimi siinuki. Nakuandikia kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine, ili uone jinsi kadi yako ya kusoma ilivyonifikisha hapa.

Kadi yenyewe sina ugomvi nayo. Kila mwezi mtoto anajichagulia kitabu, anaandika jina lake, anaandika amefika ukurasa gani, anaandika nani alimpendeza. Mambo mazuri hayo. Nilipokuwa na umri wake mimi kitabu nilikitumia kuua mbu. Ugomvi wangu ni na kile kisanduku cha mwisho, chenye swali lisemalo: "Kitabu hiki kimekukumbusha nini katika maisha yako?" Hilo, Mwalimu, si swali. Hilo ni dirisha lililofunguliwa upande wa sebuleni kwangu, na wewe ukaweka benchi nje ili watu wakae watazame.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi wa kwanza Karani alisoma hadithi ya fisi aliyewaahidi wanyama wenzake kwamba atatengeneza daraja kesho. Kesho ikawa kesho, mpaka wanyama wakazoea kuogelea. Kwenye kisanduku cha mwisho mtoto akaandika: "Fisi amenikumbusha baba. Mlango wa bafu letu umeng'oka bawaba ya juu tangu niko darasa la tatu. Tunauegemeza kwa ndoo. Mtu akiwa ndani inabidi aimbe ili wengine wasiingie. Mama huimba nyimbo za harusi. Baba hujua kiitikio tu. Bibi yeye hakubali kuimba, hukohoa."

Sikatai kwamba ni kweli. Lakini ukweli si nguo ya kuanikwa langoni. Bibi anayetajwa hapo ni mama mkwe wangu, Mwalimu. Tangu siku ile kila akikohoa, hata kwa mafua halali, majirani wanajua yuko wapi. Na fundi cherehani, ambaye chumba chake kinatazamana na karakana yangu, hapiti tena kimyakimya kama zamani. Hupita akiimba kiitikio.

Kuhusu mlango wenyewe, naomba ieleweke kitaalamu kwamba mbao ilikuwa bado inakauka. Mbao nzuri haikimbizwi. Ni kweli kwamba katikati ya kukauka kwake iligeuka ikawa kigoda cha mteja, lakini mbao nyingine ilitafutwa mara moja nayo ikaanza kukauka. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi hawakumaanisha kumcheka kinyozi. Walimwonea huruma.

2. Nikaja shuleni, utakumbuka, nimevaa shati la kola, nikakuomba kwa heshima umpe binti yangu vitabu vyenye watu wema. Nilisema fisi hawafai kwa watoto. Ukaniitikia kwa upole, ukampa kitabu kuhusu mfalme mwadilifu, mchapakazi, aliyeamka kabla ya watumishi wake na kukarabati maboma kwa mikono yake mwenyewe. Nikarudi nyumbani nikijipongeza. Mtu wa namna hiyo, nikasema moyoni, atamkumbusha mtoto nani kama si mzee wake?

Kisanduku cha mwisho kilisema: "Kitabu hiki hakikunikumbusha mtu yeyote nyumbani."

Afadhali fisi.

3. Hapo nikabadili mbinu. Nikakuandikia kikaratasi kuomba kitabu kisicho na mtu, kisicho na mnyama, kisicho na kiumbe yeyote mwenye miguu ambayo angeweza kuitumia na hakuitumia. Nawe kwa wema wako ukampa kitabu cha sayansi, kinachohusu mawe. Nilikipekua mwenyewe kabla hajakisoma. Hakukuwa na hatari mahali popote. Kulikuwa na volkano, nayo ilikuwa ikifanya kazi sana, nikaona hatufanani.

Mtoto akaandika: "Nimejifunza kwamba jiwe linaweza kukaa mahali pamoja miaka mingi, mvua inyeshe, jua liwake, hata likiitwa kwa jina. Nyumbani tunalo moja. Hukaa kwenye kochi, na hupenda taarifa ya habari."

Mwalimu, ulimpa nyota tatu.

Mlinzi wa lango alinisomea kadi hiyo kwa sauti kubwa, ingawa sikumwomba na nilikuwa nimesimama hapohapo naisoma. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amenisindikiza, alicheka mpaka akaomba kiti. Nyumbani mke wangu sasa husema, "Jiwe, chakula tayari." Na juzi amekuja mteja mgeni kabisa karakanani, mtu ambaye sijapata kumwona, akauliza watu, "Samahani, hapa ndipo kwa Fundi Jiwe?" Alifikiri ni jina la biashara. Akasema ni jina zuri, linaonyesha kazi imara. Sikumsahihisha, kwa kuwa alitaka meza.

4. Ugonjwa huu wa kutafakari unaambukiza. Sasa tukiwa mezani Karani hutuuliza kila mmoja wetu, kama wewe unavyowauliza darasani, mwezi huu tumesoma nini. Mama yake alisema amesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi ya bibi. Bibi alisema amesoma barua ya dadake, mara mbili, na mara zote mbili haikumfurahisha. Nikafikiwa mimi. Nikasema nimesoma gazeti.

"Gazeti gani, baba?"

Nikasema lile lililofungia misumari.

"Na limekukumbusha nini?"

Nikasema limenikumbusha misumari. Walicheka wote, Mwalimu, na aliyecheka zaidi ndiye aliyekuwa amekula zaidi chakula nilichokinunua. Mtu mzima hapaswi kufanyiwa mtihani akiwa na tonge mkononi.

5. Hili la tano ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyameza.

Unajua kwamba shule inataka rafu mpya kwa chumba cha kusomea. Nilikuja, nikapima ukuta kwa ukuta, nikamshauri Mkuu wa Shule kuhusu upana wa mbao ili zisipinde kwa uzito wa vitabu. Alipendezwa. Alinishika bega. Sijapata kuitamani kazi kama nilivyoitamani hiyo, na sababu nitakuambia wewe peke yako: Karani angekuwa anaweka vitabu vyake kwenye rafu zangu. Wenzake wangeuliza nani katengeneza, naye angewajibu. Nilishaanza kumwazia akijibu.

Basi mvua ikanyesha. Mkuu akasema tungoje ipungue ndipo tukamalizane ofisini. Tukajibanza chini ya kibaraza kilicho kando ya lango, na Mkuu, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kufanya, akageukia ukuta akaanza kusoma. Ni mtu mrefu, anasoma kadi za juu na za chini bila kuinama. Alisoma ya fisi. Akasoma ya mfalme. Aliposoma ya mawe, akanitazama viatu, akanitazama uso, akatazama tena ukuta. Mvua ikaisha. Akasema, "Fundi, tutakupigia."

Mwalimu, neno hilo nalifahamu. Mimi mwenyewe nina ndugu yake, ninaloishi nalo karakanani miaka yote, nalo ni "njoo kesho". Maneno hayo mawili yalipokutana pale kibarazani yalisalimiana kama mtu na binamu yake.

Kwa hiyo, kutokana na maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu hatua zifuatazo zichukuliwe. Kwanza, kisanduku cha mwisho kifutwe kwenye kadi zote. Kama hakiwezi kufutwa, basi kijazwe na mzazi, mtoto akiwa ametoka nje. Kama hilo nalo gumu, basi vitabu vyote vya maktaba vipitie kwangu nivikague, na kila mhusika anayeahidi, anayesinzia, mwenye kitambi au mwenye kuvaa ndala mchana, aondolewe kwa wembe, wembe ninao. Fisi waondolewe hata bila ukaguzi. Na kama yote hayo yatashindikana, Karani asomeshwe ratiba ya mabasi. Hapo nitakuwa salama, maana mabasi angalau huondoka, naye hatapata pa kunifananishia.

Wasalimie walimu wote wa shule, yule wa muziki hasa, na umwambie kwamba kiitikio ninakijua vizuri na asisikilize maneno ya watu. Msalimie Mkuu ukipata nafasi, lakini usimweleze salamu zimetoka kwa nani. Msalimie na mlinzi wa lango, na umnong'oneze kwamba kusoma kimoyomoyo pia ni kusoma.

Ni mimi mzazi mwenzako, mnyonge lakini mtiifu,

Fundi seremala, baba wa Karani
(wa miguu miwili, mwenye damu)

Nyongeza:

Mwalimu, barua hii nilimpa Karani juzi mchana akuletee, na kwa kuwa hakuna karatasi inayopita mikononi mwake bila kusomwa, aliisoma. Nilimtazama nikingoja acheke. Hakucheka. Alifika kwenye lalamiko la tano, pale kwenye rafu, akarudi nyuma akasoma tena. Halafu akasema, "Baba, mbona huandiki tu kwamba mlango umetengenezwa?"

Nikafungua mdomo nimweleze habari za mbao kukauka. Badala yake nikainuka. Nikachukua kisanduku changu cha vifaa.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa utausoma ukutani hata nikikuficha. Kuchomoa bawaba ya zamani, kufunga mpya na kuweka komeo kulinichukua muda mfupi kuliko kuandika lalamiko la tatu. Mbao haikuhitajika. Haikuwahi kuhitajika. Ilikuwa ni skrubu.

Nyumba nzima ikapanga foleni kuujaribu. Mama mkwe alipewa heshima ya kwanza. Aliingia, akafunga komeo, akakaa kimya muda mrefu mpaka tukapata wasiwasi. Mke wangu akabisha hodi. Sauti ikatoka ndani, "Niacheni, nafaidi."

Jana jioni nikaketi kwenye kochi kama mshindi. Nikangoja Karani ajaze kadi ya mwezi huu, nikijua safari hii nitasifiwa. Kitabu chake kilikuwa cha nyuki. Kadi anayo, atakukabidhi pamoja na barua hii, lakini nainakili hapa maana nimeisoma mpaka nimeikariri:

"Nimejifunza kwamba nyuki huvuma, na mfugaji akisikia mzinga umenyamaza huingiwa na hofu. Kitabu hiki kimenikumbusha nyumbani kabla ya jana. Nikiwa kitandani nilikuwa najua mama yuko bafuni, kwa nyimbo za harusi. Najua bibi yuko, kwa kikohozi. Najua baba yuko, kwa sababu anarudia palepale. Sasa mlango ni mzuri sana. Baba ni fundi hodari. Lakini nyumba imenyamaza."

Nilikaa na kadi hiyo mkononi, Mwalimu, na taarifa ya habari ikapita bila mimi kuisikia.

Leo asubuhi nimeingia bafuni, nikafunga komeo langu jipya, ambalo hakuna mtu duniani angeweza kulipita, nikaimba. Kiitikio. Mara ya kwanza peke yangu, nikajiona mpumbavu. Mara ya pili mama yake Karani akadakia beti kutoka jikoni. Na kutoka chumba cha pili, taratibu, kwa kiburi chote cha mtu anayetaka ijulikane kwamba hakuombwa, mtu mzima akakohoa. Nilipotoka nikamkuta Karani mlangoni na taulo begani. Alikuwa akicheka, na hakuwa ameandika chochote.

Hivyo naomba barua yote iliyo juu uihesabu kuwa haikuandikwa. Kile kisanduku cha mwisho kisifutwe. Tena ni kidogo mno, mtoto anabanwa, kiongezewe mistari. Fisi wabaki maktaba. Kadi ya nyuki ibandikwe palipo sawa na macho ya mtu mrefu, na ya mawe iachwe hapohapo ilipo, imeshaniletea mteja wa meza.

Na ukimwona Mkuu, tafadhali mwambie vipimo vya rafu bado ninavyo, na mbao zimeshakauka.